Dawa tulizomeza jana zimekwenda wapi?

Mtu akimeza kidonge asubuhi na maumivu yakatulia mchana, jioni huwa amekwisha kukisahau. Kwake yeye kidonge kimefanya kazi yake na habari imekwisha. Lakini haijaisha. Sehemu ya dawa ile, na mara nyingine sehemu kubwa, hutoka mwilini kwa haja ndogo au kubwa ikiwa bado ni dawa. Juma hili nataka tuifuate huko iendako, maana safari yake inaweza kuishia pale pale ambapo wengi wetu tunaoishi mijini tunachota maji.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, katika miji yetu kisima kimekuwa kimbilio la kila mtaa ambao bomba halitoshi, na kisima hicho mara nyingi kiko jirani na choo. Pili, duniani kote miji yenye kiu inazidi kuyasafisha majitaka na kuyatumia tena. Hayo nayo yatakuja kubisha hodi kwetu, na ni vizuri tukayajua mapema kuliko kusubiri uvumi utufundishe.

Tuanze na mwili wenyewe. Mwili hauli dawa kama unavyokula ugali. Ipo dawa inayovunjwavunjwa na ini mpaka ikapoteza nguvu, na ipo inayopita kama mgeni wa njiani. Metfomini, dawa inayomezwa na wagonjwa wengi wa kisukari, hutoka na mkojo bila kubadilishwa na mwili. Homoni iliyomo katika vidonge vya majira nayo ina kisa chake. Ini huifunga homoni hiyo kwa kuiunganisha na kemikali nyingine ili isiwe na nguvu tena, kisha mwili huitoa. Lakini ikifika kwenye majitaka, bakteria huifungua kile kifungo, nayo hurudia nguvu zake za awali.

Mbali na zile zinazopita mwilini, zipo dawa tunazozitupa wenyewe. Dozi ikibaki, au dawa ikipitwa na muda, wengi huona mahali salama pa kuitupa ni chooni, mtoto asiiokote. Ziko pia dawa za mifugo, na majitaka ya hospitali na ya viwanda vya dawa. Na zipo kemikali ambazo si dawa hata kidogo, lakini zikiingia mwilini huigiza homoni. Baadhi hutoka katika sabuni za viwandani, baadhi katika plastiki, na nyingine ni viuadudu vya zamani kama DDT.

Hapa inafaa tueleze homoni ni nini. Homoni ni mjumbe wa mwili. Tezi hutuma ujumbe ndani ya damu, na kiungo kinachohusika hupokea na kutii: mtoto akue, sauti ya kijana ivunjike, yai lipevuke. Kila homoni ni kama ufunguo wenye kufuli yake. Kemikali ninazozizungumzia ni funguo bandia. Nyingine zinafungua kufuli wakati usiofaa, na nyingine zinakwama ndani ya kufuli hata ufunguo halali ukakosa nafasi. Na kwa kuwa homoni hufanya kazi kwa kiasi kidogo mno, ufunguo bandia nao hauhitaji kuwa mwingi.

Sasa tuifuate dawa baada ya kutoka chooni. Mahali penye mabomba ya majitaka, huenda kwenye mabwawa ya kusafishia. Mabwawa hayo yana manufaa makubwa: jua, hewa na bakteria hupunguza uchafu na vijidudu. Lakini yalibuniwa kushughulikia kinyesi, si dawa. Dawa nyingine huoza humo, nyingine hushika kwenye tope, na nyingine huvuka mpaka mtoni kana kwamba hapakuwa na bwawa.

Lakini wengi wetu hatuna hata hayo mabomba. Tuna choo cha shimo au karo, na chujio pekee lililobaki ni udongo. Tusiudharau udongo. Mfinyanzi hushika kemikali nyingi, na bakteria wa ardhini hula nyingine. Lakini penye mchanga maji hupita haraka, na zipo dawa ambazo udongo hauziwezi. Inayojulikana zaidi kwa ukaidi ni kabamazepini, dawa ya kifafa. Wataalamu huitumia kama alama: wakiikuta ndani ya kisima, wanajua kwamba majitaka ya binadamu yamefika humo.

Ipo alama nyingine ya zamani nayo ni naitreti, kemikali ambayo mara nyingi chanzo chake mijini ni mkojo na kinyesi. Katika visima vya maeneo yenye msongamano jijini Dar es Salaam, wachunguzi wamekuta naitreti pamoja na bakteria wa kinyesi. Naomba msikilizaji apime mwenyewe: mahali ambapo mkojo umepata njia ya kuingia kisimani, kilichokuwamo ndani ya mkojo huo kitazuiwa na nini?

Haya yaligunduliwaje? Kwa sehemu ni kwa bahati. Mji wa Berlin, Ujerumani, hupata maji yake ya kunywa kutoka visima, na vingi kati ya hivyo viko kandokando ya mito na maziwa. Maji ya mto hupenya mchangani taratibu mpaka kisimani. Lakini mito hiyo hiyo hupokea majitaka yaliyokwisha kusafishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakemia waliokuwa wakitafuta mabaki ya dawa za kuua magugu walikuta kitu ambacho hakuna mkulima aliyekinyunyiza. Kilikuwa ni tindikali ya klofibriki, mabaki ya dawa za kupunguza mafuta katika damu. Ilikuwa imepita mwilini, ikapita mitambo, ikapita mchanga, ikatokea bombani.

Huko Uingereza waliotoa habari walikuwa ni samaki. Mwaka 1994 wanasayansi, akiwamo John Sumpter wa Chuo Kikuu cha Brunel, walieleza jinsi walivyoweka samaki ndani ya vizimba mahali yanapotokea maji ya mitambo ya majitaka. Samaki madume walianza kutengeneza protini ya kiini cha yai, kazi ambayo kwa kawaida ni ya majike. Mwaka 1998 Susan Jobling na wenzake wakaonyesha kwamba katika mito mingi ya nchi hiyo madume wa aina moja ya samaki walikuwa na mayai yakikua ndani ya korodani.

Kukawa na mabishano: je, ni homoni kweli au kitu kingine? Wakanada wakaamua kumaliza ubishi. Kati ya mwaka 2001 na 2003, watafiti wakiongozwa na Karen Kidd walitia homoni ya vidonge vya majira katika ziwa dogo la majaribio mkoani Ontario, linaloitwa Ziwa Namba 260. Kiasi kilikuwa nanogramu 5 hadi 6 katika kila lita. Samaki mmoja mdogo ambaye ni chakula cha samaki wakubwa alishindwa kuzaana, na muda si mrefu akakaribia kutoweka kabisa ziwani humo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. La kutia moyo ni kwamba homoni ilipokoma kutiwa, baada ya miaka kadhaa samaki hao walirudi.

Nanogramu ni kiasi gani? Chukua gramu moja ya unga, igawanye mara bilioni moja. Au fikiria hivi: maboza laki moja ya maji, kila boza lita 10,000. Gramu moja ikichanganywa katika maboza yote hayo, ndiyo nanogramu moja kwa lita. Kidonge kimoja cha majira chenye mikrogramu 30 za homoni kinatosha kufikisha lita 6,000 za maji kwenye nanogramu 5, kiasi kile cha Ziwa Namba 260.

Msikilizaji atashituka na kusema, basi tumekwisha! Hapana, hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili. Mtu akinywa kila siku lita mbili za maji yenye nanogramu 5 za homoni hiyo, itamchukua zaidi ya miaka minane kupata kiasi kilichomo katika kidonge kimoja. Kwa dawa nyingine pengo ni kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2012, lilieleza kwamba maji ya kunywa yaliyosafishwa kwa kawaida huwa na dawa chini ya mikrogramu 0.05 kwa lita. Kwa kiasi hicho, mwenye kutafuta paracetamol ya kidonge kimoja cha miligramu 500 angehitaji kunywa lita mbili kila siku kwa zaidi ya miaka 13,000. Ndiyo maana shirika hilo liliona kuwa madhara makubwa kwa afya ya binadamu kwa njia hiyo ni jambo lisilotarajiwa kabisa.

Tofauti kati yetu na samaki ni kwamba sisi tunakunywa maji, yeye anaishi ndani yake. Usiku na mchana yanapita katika mashavu yake, tangu akiwa yai. Kwa hiyo uvumi wa vijiweni kwamba maji yamewamaliza nguvu wanaume hauungwi mkono na hesabu hii. Na mtu asije akayatumia mazungumzo haya kuwatisha kina mama waache vidonge vya majira. Homoni ya kike hutoka kwa kila mwanamke, ameze kidonge asimeze, na mjamzito hutoa nyingi zaidi. Kosa si la anayemeza dawa. Kosa liko katika njia tunayoyapitisha majitaka yetu.

Kama ni hivyo, kwa nini nimewachukulia muda wenu? Kwa sababu utulivu wa Shirika la Afya Duniani ulitokana zaidi na vipimo vya nchi zinazosafisha majitaka yao. Kwetu picha ni nyingine. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa ulioongozwa na John Wilkinson wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza. Walipima dawa 61 katika mito 258 ya nchi 104. Viwango vya juu kabisa vilikutwa Afrika kusini mwa Sahara, Asia ya Kusini na Amerika ya Kusini, na Addis Ababa ilikuwa miongoni mwa miji iliyoongoza. Katika kiasi cha robo ya sehemu zote zilizopimwa, angalau dawa moja ilivuka kiwango kinachohesabiwa kuwa salama kwa viumbe wa majini.

Kwa majirani zetu wa Kenya, watafiti wamepima majitaka, mito na visima vya Nairobi na Kisumu. Walikuta dawa za kupunguza makali ya UKIMWI pamoja na antibiotiki kwa viwango vinavyopita vile vilivyozoeleka katika nchi tajiri. Sababu zake ni wazi. Dawa hizo zinaokoa maisha ya watu wengi na lazima ziendelee kumezwa. Wagonjwa wengi wa UKIMWI pia humeza kila siku kotrimoksazoli, ile ambayo wengi tunaiita Septrin, kujikinga na maradhi nyemelezi. Dawa zimefika kwa wananchi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mitambo ya majitaka haikufuatana nazo.

Katika orodha yote hiyo, mimi naogopa antibiotiki kuliko homoni. Karo na bwawa la majitaka ni mahali ambapo mabilioni ya bakteria hukutana na mabaki ya dawa ya kuwaua. Wanyonge hufa, wenye usugu hubaki na kuzaana, na tena huweza kupeana usugu huo wao kwa wao. Jambo hili lilionekana kwa ukubwa wa kutisha huko Patancheru, karibu na Hyderabad nchini India. Mwaka 2007 watafiti walieleza kwamba mtambo uliokuwa ukipokea majitaka ya viwanda vya dawa karibu 90 ulitoa maji yenye siprofloksasini hadi miligramu 31 katika lita moja. Hicho ni kiasi kinachozidi kile kinachopatikana katika damu ya mgonjwa aliye kwenye matibabu. Bakteria aliyezoea maji ya namna hiyo, akija kukuingia, daktari atakuandikia nini?

Sasa niingie katika maji yanayotumika tena. Wako watakaosema, baada ya haya yote, nani anywe maji yaliyotoka chooni? Wakazi wa Windhoek, mji mkuu wa Namibia, wamekuwa wakiyanywa tangu mwaka 1968. Mji ule uko katika nchi ya jangwa. Mto Okavango, usiokauka, uko umbali wa karibu kilometa 700. Walipoona mabwawa ya mvua hayatoshi, walijenga mtambo Goreangab wa kuyageuza majitaka kuwa maji ya kunywa, wa kwanza wa aina yake duniani. Mtambo mpya, uliofunguliwa mwaka 2002, una uwezo wa lita milioni 21 kwa siku.

Siri yao si mashine moja ya ajabu. Kwanza, majitaka ya viwandani hutengwa na ya majumbani, ili sumu isiingie tangu mwanzo. Kisha maji hupitishwa katika hatua nyingi, moja ikikosea nyingine iwepo. Gesi ya ozoni huvunjavunja dawa, hata ile kaidi ya kifafa. Mkaa maalumu hunasa mabaki. Chujio lenye matundu madogo sana huzuia vijidudu, ingawa dawa hupita humo kwa udogo wake, na ndiyo maana mkaa na ozoni hutangulia. Mwisho hutiwa klorini, maji hupimwa, kisha huchanganywa na maji ya vyanzo vingine. Uchunguzi uliofanywa miaka ya 1970 na 1980 haukukuta uhusiano kati ya maji hayo na magonjwa ya kuhara.

Huko Marekani, wilaya ya Orange katika jimbo la California nayo husafisha majitaka kwa utando unaozuia karibu kila kitu isipokuwa maji yenyewe, kisha huyarudisha ardhini yawe akiba ya visima. Tangu mwaka 2023 mtambo huo una uwezo wa kutoa galoni milioni 130 kwa siku.

Tukitazama vizuri, tutaona kichekesho. Mkazi wa Windhoek anajua kwamba anakunywa maji yaliyotoka chooni, na yamepita vizuizi chungu nzima. Mkazi wa mtaa wenye msongamano, mwenye kisima hatua kumi kutoka karo la jirani, naye anakunywa maji yaliyotumika tena, ila hajaambiwa, na kizuizi chake ni mchanga mtupu. Sisi pia tunarudia maji. Tunayarudia bila mpango.

Tufanye nini, basi? Nyumbani, la kwanza ni kushika mpangilio sahihi wa hofu. Kipindupindu na homa ya matumbo vinaua leo. Kwa hiyo endelea kuchemsha maji au kuyatia dawa ya klorini, wala usiache kwa sababu umesikia habari za homoni. Lakini ujue kwamba kuchemsha kunaua vijidudu tu. Hakuondoi dawa wala naitreti. Kilichoingia kisimani kwa njia ya karo hakitoki kwa sufuria. Kinga yake ni kuweka umbali. Mwongozo unaotumika sana ni angalau mita 30 kati ya kisima na choo, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Anayenunua kiwanja na kuchimba kisima asiangalie choo chake tu, atazame na cha jirani.

La pili, usitupe dawa chooni. Uliza duka la dawa au zahanati kama wataipokea. Ikishindikana, ichanganye na majivu au udongo ili mtu asivutiwe nayo, ifunge vizuri, uitoe pamoja na taka. Si njia kamili, maana na dampo nalo huvuja, lakini ni afadhali kuliko kuitia moja kwa moja njia ya kisima. La tatu, antibiotiki inunuliwe kwa cheti na imezwe mpaka dozi iishe. Dawa isiyonunuliwa ovyo haifiki majini.

Lakini nisiubebeshe mzigo wote mabega ya mwenye nyumba. Uswisi ilikuwa nchi ya kwanza kuweka sheria, mwaka 2016, inayotaka mitambo mikubwa ya majitaka iongezewe hatua ya kuondoa dawa na kemikali ndogondogo. Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2024, na ukaenda mbali zaidi: watengenezaji wa dawa na vipodozi wanatakiwa kubeba angalau asilimia 80 ya gharama za hatua hiyo. Anayepata faida ya bidhaa achangie kuosha uchafu wake.

Sisi hatujafika huko, na kuanza na ozoni wakati watu wengi hawana hata bomba la majitaka ingekuwa kumvisha tai mtu asiye na shati. Lakini yako yaliyo ndani ya uwezo wetu: kupanua mabomba na mabwawa, kuhakikisha magari ya kunyonya makaro yanamwaga pale yanapotakiwa na si mtoni usiku, kutenga majitaka ya viwanda na hospitali, na kupima visima vya mitaani na kuwaambia wananchi matokeo yake. Maabara zetu za vyuo vikuu zina vijana wa kuifanya kazi hiyo. Wapewe vifaa.

Ardhi huhifadhi siri kwa muda mrefu. Maji yanayoingia leo chini ya mitaa yetu yanaweza kuchotwa na wajukuu zetu, na kisima kikishachafuka kwa kina hakioshwi kama tangi. Ziwa Namba 260 lilipona kwa sababu mwenye kutia homoni aliacha. Sisi bado tunatia, kila siku, kila nyumba. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta wa chini ya ardhi hana ajuaye bei yake.